Kilango na Pembe

Mtu mmoja alikuwa na bwawa juu ya mlima na shamba chini bondeni, na kati ya bwawa na shamba ulikuwapo mlima wenyewe. Jina lake Semvua. Bwawa alilirithi kwa baba yake, na baba kwa babu. Kwao bwawa la namna hiyo, la mawe na udongo, lenye tundu moja chini na gogo la kuliziba, huitwa ndiva. Ukichomoa gogo, maji hushuka kwa mfereji mpaka bondeni, ambako kaya thelathini hulima mahindi. Ukilirudisha, hukatika. Ndiyo kazi yote. Mtoto anaielewa, wakubwa ndio huivuruga.

Aliyekaa na gogo alikuwa dada yake, Nakijwa, mwanamke aliyerudi kutoka kwa mume na sufuria mbili na mdomo wake wote. Alikaa katika kibanda kando ya njia ya kupandia, na kibanda kilikuwa na dirisha dogo la ubao, watu wakaliita kilango. Aliyetaka maji alipanda mlima, akabisha, ubao ukafunguka, akaulizwa mambo matatu: u nani, watoka shamba lipi, wataka nini. Akishayasema, alijibiwa. Ama aliambiwa, "Nafungua." Ama, "Hayapo, rudi kesho kutwa." Ama, "Maji ya upande huo yamehamia ndiva ya pili, nenda kwa Mzee Kangalu." Ama, "Zamu si yako, shuka." Hakuna aliyepanda akashuka bila neno. Kisha ubao ulifungwa, na Nakijwa akakusahau.

Alikusahau kwelikweli. Ungerudi kabla jasho la kwanza halijakauka, ungeulizwa upya yote matatu. Alisema anayekumbuka watu huanza kupendelea, na anayependelea haachi kuiba. Hata kaka yake hakupona.

"Mimi Semvua."

"Semvua yupi?"

"Nakijwa! Tumelala tumbo moja mimi nawe!"

"Tumbo halina mahindi. Watoka shamba lipi?"

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walicheka hata mmoja akakalia upupu.

Lakini mlima ni mlima. Ukitoka bondeni na jua likichomoza, ulifika kilangoni kivuli chako kikiwa kimebaki cha kukanyaga. Ulisema maneno yako ishirini, ukajibiwa kwa moja, ukashuka. Siku imekwisha. Semvua alikuwa mwenye maji, na mwenye maji huchoka kuomba maji yake. Magoti nayo yalikuwa yameanza kulia kama mlango wa banda. Basi siku moja aliitazama pembe ya tandala iliyoning'inia ukutani, pembe ya marehemu baba yake, iliyokuwa ikipulizwa kuita msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji. Akawaza: kama sauti yaweza kupanda mlima, kwa nini nipande mimi?

Akapanda mara ya mwisho, akakubaliana na dada yake.

"Nikipuliza mara moja, fungua. Mara mbili, funga. Mara tatu, fungua nusu."

"Nami nikitaka kukujibu?"

"Utajibu kwa maji. Nikiyaona nitajua umesikia."

"Na usipoyaona?"

Semvua alikuwa ameshaanza kushuka.

Lilikuwapo jambo moja la kuamua. Kati ya kibanda na gogo palikuwa na mgongo wa mwamba, hatua kama mia. Sauti ya pembe ilipanda upande wa gogo; upande wa kibanda haikufika kabisa, mwamba uliizuia. Na aliyekaa karibu na gogo hakusikia anayebisha kibandani. Nakijwa alikuwa mtu mmoja, hawezi kukatwa vipande viwili akakaa kote. Semvua hakulifikiria muda mrefu. Aliagiza ubao wa kilango ufungwe kwa kamba, dada yake akahamishia sufuria zake upande wa gogo.

Siku ya kwanza alipopuliza, nusu ya bonde ilitoka na majembe. Walidhani ni msaragambo. Wakasimama kandokando ya mfereji wamejifunga viuno, wakimtazama.

"Tunazibua wapi?" akauliza binamu yake, Mrindoko.

"Hamzibui popote. Simameni mwone."

"Yaani umetutoa kwenye uji tuje kukutazama wewe?"

Wakasimama hivyo hivyo, wengine wakinung'unika, wengine wakimkejeli mashavu yake kwamba yamevimba kama ya chura. Kisha mfereji ukatoa sauti. Kwanza ilikuwa ndogo, kama mtu anayevuta kamasi. Halafu likaja povu, na mbele ya povu majani makavu, na mbawakawa mmoja mweusi akizunguka chali, na baada ya hapo maji, mazima, baridi, yananuka mlima.

Hakuna aliyepiga makofi. Kikongwe mmoja alivua kandambili zake akazishika mkononi, kama mtu aliyekaribia mahali pa kusalia. Maana walikuwa wameona kwa macho yao: pumzi, pumzi ile ile ya kupoza uji, imetoka kinywani mwa mtu bondeni, imeruka magenge, imevuka msitu ambao hata mbuzi hupotea, na huko juu, mahali wasipopaona, gogo limeondoka tunduni. Mtu hakwenda. Mkono haukunyooshwa. Neno limekuwa maji. Semvua mwenyewe alikiangalia kiganja chake, akakigeuza, akahisi mkono wake umerefuka mpaka kwenye ndiva, na kwamba gogo limo kati ya vidole vyake. Akasema kwa sauti ya chini, "Mlima haupo tena." Na wote waliomsikia wakaitikia kwamba kweli, haupo.

Nanyi wa siku hizi msimcheke. Wajenzi wa mitambo ya kompyuta wanayo mambo haya haya, na hugombana kila uchao lipi ni bora. Wako wenye kilango: seva ya wavuti, inayomjibu yeyote abishaye, anayejulikana na asiyejulikana, mradi kila mara aseme yote tangu mwanzo. Na wako wenye pembe: mitambo miwili iliyokula yamini, mmoja ukitamka neno fupi, mwingine ulio ng'ambo ya bahari unatenda, kana kwamba ni kiungo cha mwili mmoja. Ni ajabu kweli. Asiyeistaajabia ana moyo wa mchi. Lakini sikilizeni yaliyompata Semvua.

Pembe ilifanya mema, na mema yasemwe. Mwezi haujaisha tangu ianze, ukingo wa mfereji ulibomoka mchana nyuma ya nyumba ya Mama Mbonea, na maji yakaanza kula udongo chini ya ukuta wake. Kwa njia ya kilango, mtu angepanda, angejitaja jina, angetaja shamba, na wakati anataja shamba nyumba ingekuwa imeshakwenda mtoni pamoja na mbegu za maharage na mwenyewe juu yake. Semvua alipuliza mara mbili. Maji yakakatika yakiwa yamefika kizingitini. Mama Mbonea alikalia kizingiti hicho mpaka jua kutua, akikipapasa. Baada ya siku ile, Semvua aliwafundisha ndugu zake sita mipulizo mitatu, nao wakatafuta pembe zao, na kilango kikasahauliwa.

Kikasahauliwa na ndugu. Wasio ndugu hawakujua. Alikuwapo mwanamke mmoja, Nambua, aliyehamia bondeni mwaka ule na watoto wanne, akapewa kipande mwisho kabisa wa mfereji. Huyu alikuwa ameelekezwa na majirani njia ya zamani: panda, bisha, sema. Akapanda. Akabisha hodi mara tatu, kama alivyofunzwa na mama yake. Kimya. Akasubiri mpaka aibu ikamzidi, akashuka. Wiki iliyofuata akapanda tena. Kimya. Ndipo akajifunga kanga yake ya zambarau, akaenda kwa Semvua.

"Shikamoo, Baba Nanzia. Mahindi yangu yameanza kutoa mbelewele. Naomba maji."

"Marahaba. Puliza tu."

"Nipulize nini?"

"Pembe."

"Sina pembe. Na ningekuwa nayo, nisingejua niseme nini."

"Basi ngoja nikipuliza mimi, yatakayopita kwangu yatafika kwako."

Si jibu baya, kwa masikio ya aliyelitoa.

Kila mkulima anajua: mahindi yakishatoa mbelewele, yakikosa maji siku kumi, hayana gunzi. Yatasimama marefu, ya kijani, ya kujidai, na ndani hamna kitu, kama watu fulani. Mwaka ule mvua ilikata mapema. Ndiva ilikuwa imejaa, lakini siku nane zilikuwa zimepita tangu gogo lichomolewe, maana walikuwa wanaitunza kwa saa hii hasa. Mahindi ya bonde zima yalikuwa yanatoa mbelewele. Chakula cha kaya thelathini kwa mwaka mzima kilikuwa kinangoja pumzi ya mtu mmoja.

Asubuhi ya siku ya tisa Semvua akapuliza mara moja.

Juu, Nakijwa akasikia, akachomoa gogo. Maji yakaanza safari. Siku za kawaida safari hiyo ni muda wa kusonga ugali na kuula. Lakini mfereji ulikuwa mkavu siku nane, na mfereji mkavu hunywa kwanza ndipo unyweshe. Semvua akasubiri muda wa ugali. Hakuna. Akaangalia upepo, akaona unavuma kinyume. Akasema moyoni, hakusikia. Basi akapuliza tena mara moja, bila hila yoyote, kama mtu anayerudia hodi.

Juu, gogo lilikuwa limeshachomolewa, hivyo moja ya kwanza na moja ya pili zikawa mbili. Na mbili ni funga. Nakijwa alishangaa, lakini mkataba ni mkataba. Akarudisha gogo.

Bondeni, maji ya mwanzo yakafika, ulimi tu wa povu, yakalamba mguu wa Semvua yakafa hapo. Semvua akaruka. "Kafungua kisha kafunga! Ana wazimu?" Akapuliza mara moja kwa hasira. Gogo likachomolewa. Akangoja, akatia shaka, akapuliza tena. Gogo likarudi. Mrindoko, shambani kwake, aliposikia ndugu yake anahangaika akaona amsaidie, naye akapuliza moja. Pembe haina jina; Nakijwa hakujua anaitwa na nani. Mwingine akapuliza mbili, kwa kuwa kwake maji yalikuwa yameshapita kidogo na hakutaka yamharibie matuta. Mwingine akapuliza tatu. Ikawa hivyo mchana kutwa, na kesho yake, na kesho kutwa. Ndiva ikapungua kila siku, na hakuna shamba lililolowa. Maji yote yalikufa njiani, kidogo hapa, kidogo pale. Majani ya mahindi yakaanza kujikunja kama karatasi iliyokaribishwa motoni.

Semvua akawa na maneno. Dada yake amezeeka. Dada yake amekuwa kiziwi. Dada yake analala. Mkewe, Namkunda, aliyasikia mpaka yakamtosha.

"Baba Nanzia, si upande ukamwulize?"

"Kwa magoti haya?"

"Magoti unayo. Mahindi ndiyo unataka kuyakosa."

Akapanda. Alifuata ukingo wa mfereji, akipumzika kila kona, na alipokuwa akipumzika aliangalia chini. Mahali hapa udongo ulikuwa umelowa. Mbele kidogo, mkavu. Kisha tope. Kisha mkavu tena, umepasuka. Kisha unyevu wa jana juu ya unyevu wa juzi. Alikuwa anayaona maneno yake mwenyewe, moja moja, yamelala mahali yalipoishia nguvu.

Hapo ndipo alipouona mlima. Aliuona kama mtu anayemwona mkwewe kwa mara ya kwanza baada ya kumsengenya mwaka mzima. Ulikuwapo wote. Magenge yalikuwapo, na msitu unaomeza sauti, na bonde dogo la pembeni ambako upepo hugeuka usirudi, na ukungu unaoshuka bila kuuliza mtu. Alihesabu mahali ambapo pumzi ya mtu ingeweza kuanguka isionekane tena, akafika thelathini akaacha. Akaketi juu ya jiwe. Hakustaajabu tena kwamba pembe ilikosea siku tatu. Alistaajabu kwamba iliwahi kupatia hata siku moja. Ule mkono mrefu aliodhani ni wake haukuwa wake. Zilikuwa rehema tu, siku baada ya siku, rehema za upepo na za mwanamke mmoja anayesikiliza, naye alikuwa amezipokea kama mtu anayepokea kidole chake mwenyewe.

Akainuka, akapanda, na kwa kuwa njia hupita kibandani kabla ya kufika kwenye gogo, akakuta kilango.

Kamba ilikuwa bado imefungwa. Na kwenye kamba yalikuwa yamefungwa majani. Aliyasogelea. Yalikuwa majani ya isale, kila moja limepigwa fundo, yako saba, mengine makavu, mengine mabichi bado. Kwao, mtu akimkosea mwenzake sana, hukata jani la isale, akalipiga fundo, akalipeleka mlangoni bila kusema. Maana yake: nimekosa, unisamehe. Na anayelikuta mlangoni mwake hana ruhusa ya kulikataa, hata kama aliuawa mwanawe.

Watu saba walikuwa wamepanda mlima, wakabisha, wakanyamaziwa. Na kwa kuwa tangu enzi za babu yake Semvua hakuna aliyewahi kunyamaziwa mahali pale, hawakudhani kwamba hamna mtu. Walidhani wamekosa. Kila mmoja aliteremka akijipekua nafsi: ni lile nililosema msibani? Ni mbuzi wangu aliyeingia kwa jirani? Kisha akarudi na jani. Moja lilikuwa limezungushiwa uzi wa kanga ya zambarau, na Semvua aliijua kanga hiyo. Aliiona mlangoni kwake juzijuzi tu.

Alilifungua lile moja, akalitia mfukoni. Alikuwa amepanda na matusi yake yamepangwa vizuri. Alipovuka mgongo wa mwamba hakuwa nalo hata moja.

Nakijwa alikuwa ameketi kando ya gogo, viganja vyake vimefungwa vitambaa. Damu ilikuwa imepenya.

"Semvua," akasema, "siku tatu nimefungua uliposema, nimefunga uliposema. Sasa kwa kuwa umekuja na mdomo, niambie: ulikuwa unataka nini?"

"Maji, dada."

"Hukusema maji hata mara moja. Ulisema moja, na moja, na moja."

Kesho yake kaya zote zilikutana ukingoni mwa mfereji, kabla jua halijakolea. Gogo walikuwa wamelichomoa asubuhi hiyo na kuliacha, maji yanapita, yanakwenda kwa wenye bahati. Ilibidi waamue Nakijwa akae wapi, kilangoni au kwenye gogo, na kila mtu alikuja na lake. Mrindoko alitaka pembe ibaki, ila iongezewe.

"Tuweke mpulizo wa nne. Mtu akipuliza mara nne, ajue maana yake ni: narudia nililosema."

"Nawe ukidhani sikuusikia huo wa nne?" Nakijwa akamwuliza.

"Nitaurudia."

"Haya. Nne na nne ni nane. Mimi nifanye nini na nane, nicheze ngoma?"

Wengine wakataka pembe zote zichomwe moto, warudi kwenye kilango kama zamani. Mama Mbonea akasimama.

"Zichomwe! Na siku ile zisingekuwapo, ningekuwa nalala wapi sasa hivi? Puani mwako?"

Kelele zikazidi. Waliokuwa na pembe walisema kilango ni cha wazee wasio na kazi. Wasiokuwa nazo walisema pembe ni za watu wa ukoo mmoja waliogeuza maji ya wote kuwa siri ya nyumbani. Wote walisema kweli, na kweli zao zilikuwa zinagongana vichwa.  Nambua alisimama mwisho wa watu, akitazama maji yanayokwenda kwa wenzake.

Semvua alikuwa amekaa chini. Hakujiuliza tena lipi ni la haraka, wala lipi ni la heshima. Alijiuliza jambo jingine, na bora mtu alijiulize kabla hajanunua pembe: neno langu likisikika mara mbili, litaharibu nini? Likitamkwa na mwingine, litaharibu nini? Likianguka njiani, nani atalia?

Akasimama. Akasema pembe ibaki na neno moja tu: funga. Ikipulizwa mara moja ni funga, mara kumi ni funga, na wakipuliza watu wanne kwa mpigo ni funga, maana tundu lililozibwa haliwezi kuzibwa zaidi. Nyumba ikitaka kwenda na maji, yeyote apulize, hata kwa pembe ya mbuzi. Lakini anayetaka kufunguliwa, awe ndugu, awe mgeni, awe yeye mwenyewe Semvua, atapanda, atabisha, atajitaja, na atajibiwa. Na aliyeshindwa kupanda amtume anayeweza, naye atasikilizwa vilevile.

"Na gogo?" Mrindoko akauliza. "Dada akiwa kilangoni, nani atasikia pembe? Nani atachomoa?"

"Mimi."

Watu wakamtazama magoti.

"Nitapanda mara moja," akasema, "nikae huko."

Ndivyo mwenye maji alivyokuja kukaa kando ya gogo lake mwenyewe, na dada yake nyuma ya mgongo wa mwamba, hatua mia kutoka kwake. Nakijwa akiisha kumsikiliza mtu kilangoni, alipanda juu ya mwamba akaita, "Fungua la Mrindoko!" na Semvua hakugusa gogo mpaka amejibu, "Nafungua la Mrindoko!" Mara ya kwanza alipodhani amesikia na kumbe hakusikia, alijifunza kwamba hata hatua mia ni mlima, mdogo tu. Akaacha kuona haya kuuliza, "Umesema la nani?" Na kila alipokuwa anangoja sauti ije, aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu aliye ibadani, kwa sababu sasa alijua neno hupita wapi kabla ya kufika.

Mahindi yake yalipona nusu. Ya Nambua hayakupona. Aliyakata yangali ya kijani, akawapa majirani wenye ng'ombe, na mwaka ule watoto wake walikula kwa watu. Hakuna aliyebadilisha hilo, na pembe haikulibadilisha, wala kilango.

Siku ya kuyakata, Semvua alishuka kutoka mlimani na jani la isale mkononi, limekauka, uzi wa zambarau ukiwa bado unalizunguka. Alimkuta Nambua katikati ya mabua. Hakuwa na jani lake mwenyewe la kutoa, alikuwa amesahau kulikata, kwa hiyo akamrudishia lile lile.

"Hukukosa," akamwambia.

Nambua akalitazama jani. Kisha akamtazama yeye.

"Sasa kama sikukosa, mbona mlininyamazia?"

Semvua alikuwa mwenye ndiva, mwenye pembe, mwenye ukoo mzima nyuma yake. Alichukua panga la pili lililokuwa chini, akaanza kukata mabua mstari wa pili, na Nambua akamwacha akate.

Basi ninyi mlioketi juu na maji, na mnaofurahi jinsi mnavyoitana na ndugu zenu kwa pumzi moja: yule mgeni aliyebisha kwenu jana, akashuka bila hata kuambiwa hapana, leo anajihukumu kwa kosa gani?